Bwana Takwimu Ahesabu Nyimbo

Serikali ilipompunguza Eustaki kazini mwaka 1995, ilimpa barua ya mistari minne, mkono wa kwaheri na, bila yenyewe kujua, katoni nzima ya karatasi za manila pamoja na maka peni za rangi nne. Hizo za mwisho alijipa mwenyewe. Alizifunga nyuma ya baiskeli, akapita mbele ya mlinzi kwa utulivu wa mtu aliyeonewa, na mlinzi, ambaye naye alikuwa anasubiri barua yake, akamsaidia kukaza mpira.

Kwa miaka ishirini na moja alikuwa karani wa takwimu za mazao, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchora nguzo. Mabwana shamba walileta hesabu kutoka Idete, kutoka Mofu, kutoka kila mahali ambako mpunga unaota. Nyingine walizihesabu kweli. Nyingine walizipika njiani, maana barabara ilikuwa tope na bwana shamba naye ana miguu miwili tu. Eustaki alizipokea zote bila kinyongo, akashika rula, akasimamisha nguzo moja kwa kila mwaka. Nguzo ya mpunga ilirefuka kila mwaka. Hata ule mwaka mafuriko yalipobeba mashamba na watu wakala mizizi, nguzo ilirefuka, tena kwa rangi ya kijani. Mgeni akija kutoka mkoani alisimamishwa mbele ya ukuta, akaitazama, akapiga makofi, na umati uliomzunguka ukapiga makofi. Hivyo ndivyo watu wa Ifakara walivyojifunza kusoma grafu: ukiona nguzo inapanda, piga makofi. Mwalimu wao alikuwa Eustaki, na ndiye waliyempa jina la Bwana Takwimu.

Mkewe Konsolata hakumwita hivyo. Yeye alimwita Baba Serafina, kama alivyomwita tangu mwaka 1974 walipompata mtoto wao wa kwanza. Baadaye walizaa wengine watatu, wote wakakua, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao. Serafina hakukua. Lakini jina la mzazi halibadilishwi kwa sababu mtoto hayupo, na wale wawili waliendelea kuitana Baba Serafina na Mama Serafina asubuhi, mchana na jioni, kwa jambo kubwa na kwa chumvi.

Mtu aliyezoea kuchora hawezi kukaa bure. Miezi ya kwanza baada ya kupunguzwa, Eustaki alichora grafu ya mayai ya kuku wa nyumbani, hadi Konsolata alipowachinja kuku wawili wa nguzo fupi. Akachora grafu ya mvua kwa kutumia kopo la mafuta ya kupikia. Kisha akaishiwa. Ndipo siku moja, akitafuta rula, akafungua sanduku la bati chini ya kitanda na kukutana na madaftari ya kwaya.

Lazima niseme kwamba Eustaki alikuwa katibu wa kwaya ya kigango chao kule Lumemo tangu ilipoanzishwa, na mwimbaji wa besi. Kila wimbo uliotungwa pale, wa harusi, wa msiba, wa kupokea mgeni, aliuandika yeye kwa mwandiko wake wa kikarani ulionyooka kama mstari wa mpunga wa mfano. Madaftari kumi na tisa. Nyimbo mia mbili na sita. Zote zimepita mkononi mwake, na kama walivyo makarani wengi, aliandika kila neno bila kusoma hata moja.

Sasa akaanza kusoma. Akaweka kijiti kimoja kwa kila neno, vijiti vinne wima, cha tano kikalala juu yake kuvifunga, kama alivyokuwa akihesabu magunia. Konsolata aliporudi shambani alimkuta amekaa sakafuni katikati ya madaftari, miwani puani, anatembeza kidole.

"Baba Serafina, ndege wanamaliza mpunga."

"Subiri kidogo, mama. 'Jembe' imefika hamsini na nane."

"Jembe liko hapa mlangoni, njoo ulihesabu na hili."

Hakwenda. Mungu amsamehe, mpunga ule ulilindwa na mwanamke peke yake msimu mzima, huku mume akihesabu majembe ya karatasi. Lakini niseme haki ya mtu: kazi aliyoifanya hakuna aliyewahi kuifanya pale bondeni. Baada ya miezi mitatu aliunganisha manila tatu kwa uji mzito wa muhogo, akazitandika mezani, akasimamisha nguzo. Na nguzo zikaanza kumwambia mambo.

Nyimbo za miaka ya sabini zilijaa jembe, kijiji na umoja. Hata wimbo wa Krismasi wa mwaka 1976 ulimkuta mtoto Yesu horini na mara moja ukamhimiza kulima kwa pamoja. Miaka ya themanini ilipoingia, jembe likapungua mpaka likawa kisiki, na mahali pake pakaota "shida" na "subira". Subira ilipanda kwa kasi ileile ambayo sabuni ilikuwa inapotea madukani. Mwaka 1983 lilitokea neno "mlanguzi", likaimbwa kwa ukali mkubwa mpaka mwenye duka mmoja akamtoa mkewe kwenye sauti ya kwanza. Mwaka uliofuata neno hilo halikuonekana tena. Mwenye duka alikuwa ameleta vitambaa vya sare.

Halafu ikaja miaka ya tisini, na hapo Eustaki aliweka maka peni chini, akatoka nje, akarudi, akahesabu upya. Hakuwa amekosea. Katika daftari la kwanza "Bwana" alitajwa mara mia mbili na kumi na mbili, na "mgeni rasmi" hakutajwa hata mara moja. Katika madaftari ya miaka sita ya mwisho Bwana alikuwa amebaki na tisini na nane. Mgeni rasmi alikuwa na mia moja arobaini na saba. Alikuwa anakaribishwa, anashukuriwa, anaombewa maisha marefu, anaombwa kinanda, anakumbushwa kinanda, na mara mbili alifananishwa na jua.

Nguzo ya Bwana aliipaka bluu. Ya mgeni rasmi aliipaka nyekundu, ikapanda mpaka ikataka kutoka kwenye karatasi.

Wa kwanza kuiona ukutani alikuwa Minza, mama wa Kisukuma aliyekuwa akileta maziwa kwa baiskeli kila asubuhi kutoka pembezoni mwa mji, ambako jamaa zake walikuwa wamefika na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Minza hakujua kusoma, na hakuona haya kusema hivyo. Alishusha dumu, akainamisha kichwa upande.

"Shikamoo, baba. Hawa ni kina nani?"

"Marahaba. Ni maneno. Maneno ya nyimbo zetu za kwaya."

"Bebe!" alistaajabu kwa Kisukuma. "Huyu mwekundu kanenepa. Anakula chakula cha huyu wa bluu?"

Eustaki alimtazama kwa mshangao. Ndicho hasa alichotaka kila mtu akione. Akamweleza wa bluu ni nani na mwekundu ni nani. Minza akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kwetu mwimbaji akimsifu tajiri hivyo, watu wa ngoma pinzani wanamtungia wimbo wa matusi, anaona aibu mwaka mzima. Ninyi mnawapa nini watu wa namna hiyo?"

"Tunawapa uongozi wa kwaya," alisema Konsolata kutoka jikoni.

Hapo alikuwa anamsema Polikarpo. Polikarpo alikabidhiwa fimbo ya kuongozea kwaya mwaka 1989, na ukitazama grafu vizuri unaona mwekundu alianza kukimbia mwaka huohuo. Alikuwa mtu mwenye sikio zuri la muziki, hilo hatumnyang'anyi. Lakini sikio lake la pili lilikuwa barabarani, likisikiliza gari la nani linakuja.

Kati ya Polikarpo na Eustaki palikuwa na jambo, na hapa sina budi kuacha kucheka kidogo. Mwaka 1979, katika masika, Serafina alishikwa na homa. Alikuwa na miaka mitano. Wakati huo walikuwa wanaishi ng'ambo ya mto Lumemo, na mto ulikuwa umejaa ukala njia yote ya kwenda hospitali. Walisimama kwenye maji mara nne na mara nne wakarudi nyuma, mtoto akiwa mgongoni mwa mama. Siku ya pili maji yalipoanza kupungua hakukuwa tena na sababu ya kuvuka. Eustaki hakulia mbele ya watu. Alitunga wimbo. Ulikuwa na beti nne fupi, na kila ubeti ulianza hivi:

Serafina, maji yamejaa,
Bwana, mshike mkono.

Kila mwanadamu ana kitu kimoja anachotaka kabla hajafa, na hiki ndicho Eustaki alichotaka: wimbo ule uimbwe na kwaya nzima, kwa sauti nne, mbele ya watu. Konsolata alitaka hivyohivyo, ila yeye hakusema. Alikuwa akiuimba peke yake akipepeta mchele. Kwaya ya zamani iliuogopa kwa sababu wenyewe walikuwepo mazishini na walishindwa kufika ubeti wa pili. Polikarpo alipoingia, Eustaki alimpelekea mara tatu. Mara ya kwanza Polikarpo alisema ni wa huzuni mno, na watu wana huzuni zao nyumbani. Mara ya pili akasema hauchezeki. Mara ya tatu, mwaka 1996, kwaya ilipoamua kutafuta njia ya kwenda Dar es Salaam kurekodi kaseti, alisema:

"Tatizo la wimbo wako, ndugu katibu, haumtaji mtu."

"Unamtaja Serafina."

"Namaanisha mtu."

Eustaki alirudi nyumbani, akaongeza rangi kwenye nguzo nyekundu mpaka maka peni ikakauka. Akaapa kwamba siku ya hafla ya kuisaidia kwaya, grafu ile itatundikwa ukumbini mbele ya macho yote, Polikarpo ataona aibu yake imepimwa kwa rula, na wimbo wa Serafina utaingia kwenye kaseti. Alisadiki kabisa kwamba watu wakiuona ukweli wa tarakimu wataona haya. Miaka ishirini na moja ofisini, na bado alisadiki hivyo.

Hafla ilifanyika Agosti 1997, mavuno yakiwa ndani. Mgeni rasmi alikuwa Kelestini, mwenye mashine za kukoboa mpunga na malori mawili, aliyekuwa ameanza kuutolea macho udiwani. Hakuwa mheshimiwa bado, ila alikuwa ameshaanza kuitikia. Eustaki alifika ukumbini mapema, akapanda kiti, akatundika manila zake tatu. Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa: MANENO YA NYIMBO ZETU, 1974 HADI 1996.

Polikarpo alipoingia na kuona, fimbo ilimtoka mkononi.

"Eustaki, teremsha hicho kitu."

"Katibu anatoa taarifa."

"Taarifa gani? Unataka kutuua?"

"Nataka muone tu. Kuona hakuui."

Wakati wanavutana mkono wa shati, honi ya lori ikalia nje, kwaya ikaanza wimbo wa mapokezi, na mgeni rasmi akaongezeka mara tisa kabla hajafika mlangoni. Kelestini aliingia akipunga mkono, tumbo mbele, akapita kati ya watu. Na kwa kuwa mtu mkubwa akiona karatasi ukutani lazima asimame mbele yake, alisimama.

"Hii nini?"

Eustaki alikuwa ameiandaa hotuba wiki mbili.

"Mheshimiwa, ni idadi ya maneno tunayoimba. Hii fupi ya bluu ni Bwana. Hii ndefu nyekundu ni mgeni rasmi."

Huko nyuma mtoto mmoja alikohoa. Polikarpo alifumba macho. Eustaki akasubiri ile aibu aliyoipigia hesabu, ije iwafunike wote.

"Mwaka sabini na nne," aliuliza Kelestini polepole, "mgeni rasmi alikuwa ngapi?"

"Sifuri."

"Na sasa?"

"Mia moja arobaini na saba."

Kelestini aligeuka akawatazama watu, akanyanyua mikono yote miwili.

"Kutoka sifuri!" alisema. "Ndugu zangu, kutoka sifuri! Haya ndiyo maendeleo!"

Makofi yalilipuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Watu waliona nguzo, nguzo ilikuwa ndefu, ilikuwa inapanda, na mikono yao ilifanya ilichofundishwa. Kelestini akachukua fimbo ya Polikarpo kutoka sakafuni akaigonga ile nguzo nyekundu kama mkuu wa mkoa, kisha akaishusha chini kwenye ya bluu, akakunja uso.

"Ila hii ya bluu inalegalega. Kamati ikae, ione tatizo ni nini. Mwakani nataka nayo niione imeinuka."

"Tutalifanyia kazi, mheshimiwa," alijibu Polikarpo, ambaye roho ilikuwa imemrudia yote. "Na kama unavyoona, mafanikio haya yalianza mwaka themanini na tisa, nilipokabidhiwa uongozi."

Eustaki alisimama pale kinywa wazi. Alitaka kusema, mmekosea, hii ni aibu, someni vizuri. Lakini makofi yalikuwa yanaendelea, na yalikuwa yake. Mtu hapigiwi makofi miaka miwili, akiyasikia tena yanamwingia mwilini kama uji wa moto. Watu walikuwa wanasema, ni kazi ya Bwana Takwimu hiyo, unaona mistari ilivyonyooka? Na Kelestini alikuwa ameweka mkono begani mwake.

"Mtaalamu huyu mmemweka wapi siku zote? Sema, mzee wangu. Unataka nini? Leo ni siku yako."

Angeweza kusema ukweli. Nimelifikiria sana jambo hili, na bado naamini angeweza. Badala yake alisema:

"Nina wimbo. Naomba uingie kwenye kaseti."

"Uingie! Nasema mimi, uingie!"

Nyuma ya ukumbi, kwenye masufuria ya pilau, Konsolata aliweka mwiko chini. Alijifuta mikono na kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Siku iliyofuata aliwaambia majirani kwamba mtoto wake anakwenda Dar es Salaam.

Wiki mbili baadaye Polikarpo alimwita Eustaki mazoezini kabla wengine hawajafika. Alikuwa mpole kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja.

"Wimbo wako ni mzuri, ndugu yangu. Nimeupanga sauti nne. Besi utaipenda. Kuna kitu kidogo tu cha kuboresha."

"Kitu gani?"

"Mheshimiwa ndiye anayetupeleka studio. Nyimbo nyingine zote nane zinamtaja. Wako tu ndio haumtaji. Ataona tumemficha."

"Ni wimbo wa mtoto wangu, Polikarpo."

"Na utabaki wa mtoto wako, nani atauchukua? Sikiliza." Akaimba kwa sauti ya chini, na ilikuwa nzuri, alaaniwe: "Se-ra-fi-na. Ke-le-sti-ni. Silabi nne kwa nne. Hata noti moja haisogei. Ni kama Mungu alipanga."

Eustaki alisema atafikiri. Akaenda nyumbani akafikiri kwa njia pekee aliyoijua: alichukua karatasi akahesabu. Wimbo ulikuwa na maneno themanini na mawili. Jina lilitajwa mara nne. Nne katika themanini na mbili haifiki asilimia tano. Ofisini, tofauti ya asilimia tano walikuwa hawaandiki hata maelezo chini ya jedwali. Maji yangebaki yamejaa, mkono ungebaki umeshikwa, sauti nne zingebaki nne. Wimbo ungebaki mzima kwa zaidi ya asilimia tisini na tano, na kabla ya hapo ulikuwa umeimbwa kwa asilimia sifuri. Kutoka sifuri, alijiambia. Alijisikia vibaya alipojikuta anatumia neno la Kelestini, lakini hesabu yenyewe haikuwa na kosa.

Konsolata alimuuliza mazoezi yanakwendaje.

"Vizuri, Mama Serafina. Wamepanga sauti nne."

"Wanafika ubeti wa nne bila kulia?"

"Wanafika."

Hilo halikuwa uongo. Hakuna mtu anayemlilia Kelestini.

Kwaya ilikwenda Dar kwa treni mwezi wa Oktoba, ikarekodi siku mbili, ikarudi. Eustaki aliimba besi yake kwa ufundi ambao hakuwahi kuufikia, na alipofika kwenye jina aliangalia dari ya studio. Kisha zikaja mvua za Elinino. Mwaka ule mvua hazikungoja masika. Barabara zikakatika, reli ikasumbua, na kaseti zikakwama njiani miezi kadhaa huku Konsolata akiuliza kila wiki. Ziliwasili mwishoni mwa Machi 1998, na zilipowasili Eustaki alipata mafua, akapendekeza wasubiri Pasaka ipite.

Konsolata hakusubiri. Alikaanga vitumbua beseni zima, akanunua betri mpya, akawaita kina mama wa jumuiya na majirani. Minza naye alikuja, akaegesha baiskeli, akakaa kwenye mkeka na dumu lake. Redio kaseti iliwekwa juu ya kigoda katikati ya ua, imetandikiwa kitambaa cheupe. Eustaki alikaa nyuma, karibu na mlango.

Upande wa kwanza ulikwisha. Walimsikia mgeni rasmi akikaribishwa, akishukuriwa na kuombewa. Konsolata aligeuza kaseti mwenyewe, kwa mikono miwili. Wimbo wa pili ulipoanza, kinanda kikalia taratibu, akafunga macho. Sauti nne ziliingia pamoja, safi, na zikasema:

Kelestini, maji yamejaa,
Bwana, mshike mkono.

Kina mama wakatazamana. Wale wa zamani, waliokuwepo mazishini, wakatazama chini. Konsolata hakufungua macho; huenda alidhani kinanda kimemchanganya. Ubeti wa pili ukaingia. Kelestini. Wa tatu. Kelestini tena, na besi ya Eustaki chini yake, nene, tamu, ikimbeba.

Minza, ambaye hakuwahi kuambiwa habari za Serafina, alitafuna kitumbua akauliza kwa huruma ya kweli:

"Masikini. Kafa lini huyu Kelestini? Si jana tu kanipita na lori?"

Konsolata aliinama akabonyeza kitufe, kaseti ikakata katikati ya neno. Aligeuka akamtafuta mumewe kwa macho hadi akampata pale mlangoni.

"Wewe ndiye mwenye hesabu," alimwambia. "Yeye katajwa mara ngapi?"

Eustaki alijua anamuuliza juu ya nani. Kamasi zilikuwa zinamshuka, na mara hii hazikuwa za mafua.

"Hakutajwa."

"Hata mara moja?"

"Ni asilimia tano tu, Mama Serafina. Haifiki hata tano. Wimbo wote uliobaki ni..."

"Nyimbo za Polikarpo ulizitundika ukutani kwa sababu zina mgeni kuliko Bwana," alisema Konsolata. "Wako una mgeni kuliko mtoto. Na maziwa yale, Minza, niwekee lita mbili."

Akaendelea kugawa vitumbua. Aliwagawia wote, akawashukuru kwa kuja, akamsindikiza wa mwisho mpaka njiani. Eustaki alitamani mkewe apige kelele, avunje redio, amrushie hata beseni. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikaa uani peke yake akizisubiri, na jua likateremka mpaka kwenye migomba, na hazikuja.

Kisha akamsikia akimwita kutoka jikoni. Sauti ilikuwa ileile ya miaka ishirini na minne, sauti ya kuitia chumvi, isiyo na hasira wala kejeli.

"Baba Kelestini! Njoo ule."

Alingoja, huenda amekosea, huenda atajisahihisha. Alisikia sahani ikiwekwa mezani na kiti kikivutwa.

"Baba Kelestini, chakula kinapoa."

Eustaki akaitika.